Bangi njo ilianza, ama ni kichwa? Namna tunavyochunguza uraibu na wazimu



Kila mwaka, wakati wa kutetea kazi za mwisho unapokaribia, wadogo zetu wa saikolojia na wa uuguzi wananiletea memware zao nizipitie mbele hazijafika kwa juri. Kila mara kuna mbili ao tatu zenye kichwa kimoja: uhusiano kati ya vilevi na magonjwa ya akili katika hospitali fulani, tangu mwaka fulani mpaka mwaka fulani. Njia pia ni moja. Mwanafunzi anaenda hospitali, anaomba rejista, anahesabu wagonjwa wa skizofrenia, anatazama ni wangapi walikuwa wanavuta bangi ao kunywa kanyanga, anatoa asilimia. Kisha anaandika: "Bangi ni sababu kubwa ya wazimu kwa vijana wa mji wetu." Mapendekezo tunayajua hata bila kuyasoma: serikali ifunge wauzaji, wazazi wachunge watoto, makanisa yahubiri.

Siku hizi kumetokea kundi la pili. Hao wamesoma zaidi kwenye intaneti, na wanasema kinyume: mgonjwa hakuharibiwa na kilevi, alikuwa mgonjwa tayari, na anakunywa juu ya kujitibu. Hao hasira yao ni kwa pasta na kwa polisi. Lakini ukifungua sura ya matokeo, ni rejista ile ile na asilimia zile zile.

Ninataka kukosoa makundi yote mawili. Jibu la kwanza lina ukweli ndani yake, na la pili pia. Shida ni kwamba rejista ya hospitali haiwezi kuamua kati yao, na sisi tunaiandika sawa vile imeamua. Kosa hilo halibaki kwenye karatasi. Linamfuata mgonjwa mpaka mlangoni mwa hospitali, na huko chini nitasema namna gani.

Kwanza tusikilizane juu ya maneno. Ninaposema uraibu, ninamaanisha hali ya mtu kushindwa kuacha kilevi hata anapoona kinamharibu. Kunywa Primus mbili siku ya ndoa ya dada si uraibu. Ninaposema ugonjwa mkubwa wa akili, ninafikiria zaidi skizofrenia: mtu anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, anashika mawazo ambayo hakuna anayeweza kumtoa ndani yake, anajitenga, kazi na masomo vinamshinda.

Jambo lenyewe ni la kweli

Kuna wanaosema mambo haya mawili yanaonekana pamoja kwa bahati tu. Hapana. Mwaka 1990 Regier na wenzake walitoa katika gazeti la madaktari wa Marekani, JAMA, matokeo ya uchunguzi wa watu 20,291 wa sehemu tano za nchi ile. Hawakukaa hospitalini tu. Waliuliza pia watu majumbani mwao. Kati ya wenye skizofrenia, asilimia 47 walikuwa wamepitia wakati fulani wa maisha shida kubwa ya pombe ao ya vilevi vingine. Ukilinganisha na watu wengine, uwezekano wao (odds) ni zaidi ya mara nne. Na hapo sijahesabu sigara, ambayo wagonjwa wa skizofrenia wanavuta kuliko watu wengine karibu kila mahali ilikochunguzwa.

Basi uhusiano upo. Kazi inayobaki ni kujua unatoka wapi. Na hapa njo rejista zetu zinatupoteza.

Rejista inahesabu waliopelekwa

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kuhesabia tu. Mji una wagonjwa 200 wa skizofrenia. Kati yao 20 wanakunywa kupita kiasi, yaani asilimia 10. Tuseme tena kwamba katika watu wengine wa mji huo pia ni asilimia 10 wanaokunywa vile. Maana yake, katika mji huo pombe na skizofrenia havina uhusiano wowote.

Sasa familia zinampeleka nani hospitali? Sisi wote tunajua. Mgonjwa anayekaa kimya nyuma ya nyumba akiongea peke yake, mama yake anamvumilia, feza ya hospitali haiko. Tuseme mmoja kwa watano tu anapelekwa. Lakini yule anayekunywa, anayevunja madirisha ya jirani na kupiga wadogo zake, kartye nzima inakuja na kamba. Tuseme wanne kwa watano wanapelekwa. Hesabu: kati ya 180 wasiokunywa, 36 wanafika hospitali. Kati ya 20 wanaokunywa, 16 wanafika. Rejista itakuwa na majina 52, na 16 kati yao ni walevi. Hiyo ni karibu asilimia 31.

Mwanafunzi anafungua rejista, anaona asilimia 31, anakumbuka kwamba mjini ni asilimia 10, anaandika: "Pombe inaongeza mara tatu." Hesabu yake ya asilimia ni sawa. Jibu lake ni uongo, kwa kuwa katika mji wetu wa kubuni pombe haikuongeza hata mgonjwa mmoja.

Jambo la namna hii si geni. Joseph Berkson, aliyekuwa daktari na mtaalamu wa hesabu za takwimu, alionyesha tangu mwaka 1946 kwamba magonjwa mawili yanaweza kuonekana yameshikana hospitalini hata kama nje hayajuani, sababu hospitali haikusanyi watu kwa bahati. Iko katika silabisi zetu za epidemiolojia. Tunaijibu vizuri kwenye mtihani, kisha tunaisahau siku ya kuandika memware.

Jibu la kwanza: bangi inaleta wazimu

Wenye jibu hili wana silaha moja nzuri, lakini wengi wao hawaitumii. Mwaka 1987, Andréasson na wenzake walitoa katika The Lancet uchunguzi wa vijana 45,570 wa Uswidi walioitwa jeshini miaka ya 1969 na 1970. Siku ya kuingia, kila kijana aliulizwa juu ya vilevi. Baadaye wakafuatiliwa miaka 15. Wale waliosema walikuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara 6 kuliko wale ambao hawakuvuta hata siku moja.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba swali liliulizwa mbele ya ugonjwa kuonekana. Hakuna mama anayelia akitafuta wa kulaumu. Kuna karatasi iliyojazwa miaka mingi mbele. Lakini usome mpaka mwisho. Wachunguzi walipotoa uzito wa mambo mengine, zaidi sana wale vijana waliokuwa tayari na shida ya akili siku ya kuingia jeshini, ile mara 6 ilishuka mpaka karibu 2.3. Sehemu kubwa ya uhusiano ilikuwa imetoka kwa watu ambao kichwa chao kilikuwa kimeanza kusumbuka tayari.

Tena skizofrenia haianzi siku sauti zinapoanza. Miaka kadhaa mbele, kijana anaweza kuwa anajitenga na rafiki, anashuka darasani, halali vizuri. Kama ni wakati huo njo alianza kuvuta, utasema bangi ilitangulia, na mwili wake utasema hapana.

Pamoja na hayo, bangi haitoki mikono safi. Mwaka 2019 Di Forti na wenzake walilinganisha wagonjwa wapya na watu wenye afya katika vituo 11 vya Ulaya na Brazil. Mwenye kuvuta kila siku alikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kuwa kati ya wagonjwa. Mwenye kuvuta kila siku ile bangi kali alikaribia mara 5. Inaonyesha kwamba kiasi na ukali vina maana. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba bangi ni majani tu. Ninasema kwamba wavutaji wengi sana hawapati skizofrenia, na wagonjwa wengi hawajavuta bangi hata siku moja. Sababu inayokosa kuleta ugonjwa mara nyingi hivyo inahitaji mwenzake, na memware zetu hazimtafuti huyo mwenzake.

Jibu la pili: mgonjwa anajitibu

Wazo hili wengi wanalipata kwa Edward Khantzian, daktari wa akili wa Marekani. Mwaka 1985 aliandika katika American Journal of Psychiatry kwamba mraibu hachagui kilevi ovyo: anachagua kile kinachotuliza maumivu yake. Heroini inapoza hasira inayomchoma ndani, kokeini inainua aliyezama katika huzuni. Khantzian alikuwa mtu wa kusikiliza wagonjwa muda mrefu, na ninaheshimu hilo. Katika wakati ambapo wengi waliona mraibu kama mtu wa anasa ao mwenye dhambi, yeye aliona mtu anayeteseka.

Lakini heshima isituzuie kuuliza. La kwanza: je, wagonjwa wanachagua kweli? Ukitazama wenye skizofrenia, wanatumia kile ambacho jirani zao wanatumia. Kule Hargeisa ni mairungi, huku kwetu ni kanyanga na bangi, kule Lubumbashi ni lutuku, na sigara kila mahali. Anayechagua ni soko na mfuko wa mtu. Kama kila maumivu yangekuwa na kilevi chake, tungeona tofauti kubwa zaidi kati ya ugonjwa na ugonjwa kuliko kati ya mji na mji.

La pili: dawa gani inayoongeza ugonjwa? Bangi na vilevi vya kuamsha vinaweza kuzidisha sauti na woga. Wagonjwa wenyewe mara nyingi wanakuambia hivyo, na bado wanarudi. Mtu anayerudi kwa kitu kinachomuumiza, tuna jina la hali hiyo, nalo ni uraibu. Kuita hali hiyo "kujitibu" ni kufunika ugonjwa wa pili kwa shuka ya ule wa kwanza.

La tatu njo linaniogopesha zaidi. Kama kilevi ni dawa ya kujitibu, basi mtu akitibiwa skizofrenia yake, kiu inapaswa kuisha yenyewe. Anayefanya staje katika huduma ya akili anajua kwamba mara nyingi haiendi vile. Haloperidoli inanyamazisha sauti, mtu anaanza kusema vizuri, anarudi nyumbani, na kiisha wiki tatu yuko tena kwenye kanyanga. Familia inasema dawa imekosa nguvu. Dawa ilifanya kazi yake. Uraibu haukutibiwa na mtu yeyote, sababu tuliambiwa utaondoka wenyewe.

Nimpe Khantzian haki yake: mwaka 1997 alirudia wazo lake na kulipanua, akisema zaidi juu ya mateso na juu ya shida ya mtu kujitawala kuliko juu ya jina la ugonjwa. Lakini hapo linakuwa pana mno. Chochote mtu atakachokunywa, tutamkuta na mateso ya kukielezea. Nani katika nchi hii hana mateso?

Jibu la tatu: kidonda kimoja, magonjwa mawili

Kuna njia ambayo sijaiona hata mara moja katika memware zinazonifikia, na ni aibu. Tangu miaka ya 1990, wachunguzi wa ubongo wanatumia panya waliotayarishwa hivi: kitoto cha panya cha siku kama 7 kinaumizwa kidogo katika sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampo. Kinakua kama wengine. Ni baada ya kukomaa njo kinaanza kuonyesha mambo yanayofanana kiasi na skizofrenia, karibu sawa vile ugonjwa wenyewe unavyomngojea kijana wetu afike umri wa iniversite.

Mwaka 2002 Chambers na Self waliwapa panya wa namna hiyo kokeini: panya akibonyeza kijiti, anapata dozi. Wale wenye kidonda cha utotoni walijifunza haraka zaidi, walichukua kwa pupa zaidi, na kijiti kilipoacha kutoa kitu, walikawia kuacha kukibonyeza.

Fikiri kidogo. Panya huyu hana deni, hana aibu mbele ya mashemeji, hakukimbia vita, hakuna aliyemwita kichaa. Hakuwa tena amekula dawa za hospitali zinazokaza mwili. Hata hivyo uraibu ulimshika kwa urahisi kuliko ndugu zake. Maelezo ambayo Chambers na wenzake walitoa ni haya: hipokampo na sehemu ya mbele ya ubongo zinasaidia kuongoza ile njia ya dopamini inayotuambia kitu gani kinastahili kutamaniwa na wakati gani wa kuacha. Njia hiyo ikikosa uongozi, skizofrenia na uraibu vinaweza kupita katika tundu moja. Hakuna aliyemzaa mwenzake.

Uchunguzi wa urithi nao umesogea upande huo. Mwaka 2018 Pasman na wenzake walichunguza vinasaba vya watu 184,765. Waliona kwamba urithi unaomwelekeza mtu kwenye skizofrenia unamwelekeza pia kwenye kuonja bangi. Njia ya kinyume, kutoka bangi kwenda skizofrenia, ilionekana dhaifu zaidi katika data zao.

Na hili pia nalikosoa. Panya ndani ya sanduku ana kijiti tu; hana mpira wa miguu, hana kwaya, hana mama wa kumwita kula. Wagonjwa wengi wa skizofrenia hawana kidonda cha namna ile kwenye ubongo. Na wale watu 184,765 wote ni wa asili ya Ulaya. Hakuna hata mmoja wetu ndani. Ninaupenda uchunguzi huu juu unatuonyesha swali ambalo makundi yetu mawili hayakulijua, lakini haunipi ruhusa ya kumwambia mama wa Uvira kwamba mtoto wake alizaliwa na tundu kichwani.

Na vita je?

Nikifika hapa, kuna mwenye kusema: "Mkubwa, acha panya, sisi ni vita." Sikatai. Mateso ya utotoni, kukimbia, kuona watu wakiuawa, vinaongeza hatari ya uraibu na ya magonjwa ya akili pia. Ni kidonda kimoja cha namna ingine. Lakini vita inayoeleza kila kitu haielezi tena kitu. Katika nyumba moja, watoto watano walikimbia usiku mmoja kwa njia moja. Mmoja leo anasikia sauti, mwingine anakunywa, wa tatu ana yote mawili, na wawili wamemaliza masomo. Memware ikiandika "vita" na kuishia hapo, haijaanza.

Mwaka 1998 Mueser, Drake na Wallach walipanga nadharia hizi zote, wakaona hakuna moja inayotosha peke yake. Moja kati ya zile walizoona zina nguvu ni rahisi kuelewa hata bila mashine: ubongo wenye ugonjwa mkubwa unaumizwa na kiasi kidogo. Chupa mbili ambazo rafiki yake anazinywa na kwenda kulala zinatosha kumvuruga mgonjwa kwa wiki nzima. Ndiyo sababu wengi wao hawaonekani walevi kabisa, na daktari anayeuliza tu "unakunywa sana?" anajibiwa "apana", na ni kweli.

Juu ya nini ninasisitiza

Kuna atakayesema huu ni ugomvi wa wasomi. Mtazame kijana mwenye yote mawili. Anafikishwa hospitali, wanasema: aache pombe kwanza, kiisha tutatibu kichwa. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, wanasema pepo la bangi, wengine wanamfunga mnyororo. Akikamatwa na polisi, ni mhalifu. Na mahali pachache panaposaidia walevi, wakisikia anaongea na watu wasioonekana, wanasema huyu si wetu. Kila mlango una nadharia yake ya nini kilianza, na kila nadharia inamtuma kwa mlango mwingine. Nimeona mama akizunguka vile karibu miaka miwili, akiuza kipande cha shamba kwa kila mlango.

Mwaka 2021 Kinshasa yote iliongea bombé, ule unga wa katalizeri za gari zilizosagwa na kuchanganywa na vidonge. Tuliona video za vijana wamesimama barabarani wameinama, watu wakicheka ao wakilia, na polisi wakiwakamata. Sikusikia wengi wakiuliza: kati ya hawa, nani alikuwa mgonjwa mbele ya unga? Wale wanarudi kwa nani baada ya selo?

Kule New Hampshire, Marekani, Robert Drake na wenzake walijaribu kitu rahisi kukisema: timu moja, chumba kimoja, magonjwa yote mawili, bila kumwambia mtu aache kilevi kwanza njo apokelewe. Tusiongeze chumvi: mapitio ya majaribio ya baadaye hayakuonyesha kwamba mtindo mmoja wa mazungumzo unashinda mingine yote kwa mbali. Lakini kutomfukuza mgonjwa juu ya ugonjwa wake wa pili hakuhitaji kungojea jaribio lingine. Huduma za akili kama SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, zinazoendeshwa na Frères de la Charité, ni chache kwa nchi kubwa hivi. Kuwagawa wagonjwa tena katikati, wa kichwa huku na wa kilevi kule, ni kitu hatuwezi kujilipia.

Memware ninayotaka kusoma

Nimekosoa vya kutosha, niseme ninachotaka. Watu wa Hargeisa wametuonyesha njia. Mwaka 2005 Odenwald na wenzake walitoa uchunguzi juu ya mairungi na magonjwa ya akili katika mji ule, mji uliobomolewa na vita. Hawakuwa na mashine za kupiga picha ubongo. Watu walienda nyumba kwa nyumba, wakauliza watu 4,854, wakakuta wagonjwa mahali walipo, hata wale ambao hospitali haijawaona. Kisha wakawalinganisha na watu wenye afya, wakauliza walianza lini na kwa kiasi gani. Hiyo inawezekana kwa kadogo hata katika kartye moja ya kwetu.

Chukua nyumba badala ya rejista. Chukua mgonjwa na ndugu yake wa tumbo moja aliye karibu naye kwa umri: vita ni ile ile, baba ni yule yule, njaa ni ile ile. Uliza tofauti ilianzia wapi.

Usiulize tu "anakunywa?" Uliza alianza lini kujitenga, lini kukosa usingizi, lini kushuka masomo, lini sauti, lini chupa ya kwanza, lini chupa ya kila siku. Hizo ni tarehe sita, si moja. Watu hawakumbuki miaka, ni kweli, lakini wanakumbuka matukio. Mama wa Goma hajui kama ilikuwa 2020 ao 2021, lakini ukimuuliza, "Siku Nyiragongo ililipuka mwezi wa tano, mulipokimbia Sake, kijana alikuwa anaongea peke yake tayari?", atakujibu bila kufikiri. Kuna mlipuko wa 2002, kuna ule wa 2021, kuna uchaguzi wa 2006, wa 2011, wa 2018. Kalenda iko ndani ya watu.

Mwombe mgonjwa mwenyewe ruhusa, wala isitoke kwa familia peke yake. Majina yasiandikwe, na karatasi zako zisimfikie mtu wa usalama. Na ukikuta kwamba kwa watu kumi bangi ilitangulia, kwa wanane ugonjwa ulitangulia, na kwa saba huwezi kutenganisha, andika hivyo hivyo. Juri isikutishe. Memware yenye watu 25 iliyosema ukweli juu ya tarehe zao ina faida kuliko rejista ya majina 500 iliyolazimishwa kusema kitu isichokijua.

Kama unatayarisha kichwa cha kazi yako juu ya jambo hili, niandikie mbele ya kwenda hospitali. Tutapanga pamoja maswali, na tutatafuta kartye ya kuanzia. Na wewe ambaye huko staje, ukikuta mgonjwa amerudishwa nyumbani juu alinuka pombe, uliza kwa adabu nani atamtibu, na lini. Mjadala uko wazi.